Nyumba Inayojitosheleza kwa Umeme Jua Huanzia Kwenye Ramani

Wananchi wengi hufikiria paneli za umeme jua baada ya kupaua, wakati mwelekeo wa paa na nafasi ya madirisha haviwezi tena kubadilishwa bila gharama kubwa. Modeli ya kidijitali ya taarifa za jengo humwezesha mbunifu majengo kukadiria joto, kivuli na umeme utakaozalishwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Kwa Dodoma, iliyopo takribani nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, jua la asubuhi na jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi mwaka mzima. Urefu wa nyumba ukielekezwa kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta hizo huwa fupi na hitaji la viyoyozi hupungua.

Familia inayotumia uniti 6 kwa siku huhitaji paa linalozalisha uniti 2,190 kwa mwaka. Matumizi yakishuka hadi uniti 4, mahitaji ya paneli hupungua kwa theluthi moja.

Hata hivyo, usahihi wa modeli hutegemea takwimu zinazoingizwa. Mmiliki asipotaja jiko la umeme au pampu ya maji, hesabu itatimia kwenye ramani pekee, na gharama ya upungufu ataibeba yeye.