Vyuo vikuu: wanafunzi waulizwe mapema, si baada ya mtihani

Katika vyuo vikuu vingi vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwalimu hujua kama wanafunzi walimwelewa siku moja tu: siku anaposahihisha mitihani. Siku hiyo somo limekwisha. Kama nusu ya promosheni imeanguka, inabaki sesio ya pili, na kwa wengine kurudia mwaka mzima.

Hasara hiyo haibebwi na mwanafunzi peke yake. Nyuma yake kuna mama anayeuza unga wa muhogo sokoni, au baba aliyeuza mbuzi ili apate pesa za masomo. Kurudia mwaka ni kulipa tena. Kwa nini basi wanafunzi wasiulizwe mapema, wakati somo lingali linaendelea na makosa yanaweza kurekebishwa?

Njia yenyewe ni rahisi. Mwalimu anatenga dakika kumi mwishoni mwa kipindi. Wanafunzi wanajibu kwa maandishi, bila jina, maswali matatu: Ni nini katika somo hili kinakusaidia kuelewa? Ni nini kinakuzuia? Ni nini kibadilike kuanzia kipindi kijacho? Anayeona Kifaransa kinamfunga aruhusiwe kuandika kwa Kiswahili. Kwa somo la muhula mzima, wiki ya tatu au ya nne inafaa. Karatasi na kalamu vinatosha. Hakuna haja ya kompyuta wala bajeti ya wizara.

Lakini vyuo vingi vya mikoani havina somo la muhula mzima. Kindu, Kalemie na kwingineko, masomo mengi hufundishwa na maprofesa wageni. Profesa anashuka kwenye ndege, anafundisha asubuhi hadi jioni kwa wiki moja au mbili, anaacha silabusi, anatoa mtihani na kuondoka. Hapo ndipo swali la mapema linahitajika zaidi. Likiulizwa jioni ya siku ya pili, bado kuna siku za kurudia kilichopotea. Likikosa kuulizwa, profesa anarudi Kinshasa au Lubumbashi akiamini amefundisha, na promosheni inabaki na kurasa ambazo hakuna anayeweza kuzieleza.

Jambo hili limechunguzwa muda mrefu. Mwaka 1980, mtafiti Mmarekani Peter Cohen alikusanya tafiti kadhaa kuhusu walimu wa vyuo waliopewa maoni ya wanafunzi katikati ya muhula. Aliona kwamba walimu hao walipimwa vizuri zaidi mwishoni kuliko wenzao ambao hawakupewa. Faida ilikuwa kubwa zaidi pale mwalimu alipokaa na mtu mwingine wa kazi hiyo wakazungumza juu ya maoni hayo. Kwa Kongo, mtu huyo anaweza kuwa asistenti wa somo au mwalimu mwenzake wa idara ileile.

Wapo wanaopinga. Wengine husema mwanafunzi hana elimu ya kumpima profesa, naye anatafuta pointi za bure tu. Ni kweli kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kusema kama nadharia fulani ya uchumi ni sahihi. Anachoweza kusema, na ambacho hakuna mwingine anayeweza kukisema kwa niaba yake, ni kwamba sauti haifiki nyuma ya ukumbi, kwamba mifano imepita mbio, au kwamba silabusi haijapatikana na mtihani umekaribia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wengine wanaona ni kukosa heshima mtoto kumwambia mkubwa alipokosea. Lakini mwalimu anayeuliza mwenyewe hashushwi na mtu. Kinachomshusha ni manung'uniko ya kwenye korido na ya kwenye vikundi vya simu, ambayo yeye hayasikii kamwe.

Kizuizi kikubwa zaidi ni woga. Mwanafunzi anajua kwamba anayeshika kalamu ya pointi ndiye anayeuliza. Katika promosheni ya watu ishirini, mwandiko peke yake unatosha kumtambulisha mtu. Kwa hiyo ni bora wanafunzi wakae watano watano, wakubaliane, kisha kila kikundi kitoe karatasi moja. Kiongozi wa promosheni, yule CP, azikusanye bila kuandika ni nani aliketi wapi. Nao uongozi wa chuo usizigeuze kuwa fimbo ya kumpigia mwalimu, kwani siku karatasi hizo zitakapotumiwa kumfukuza mtu kazi, hakuna mwalimu atakayeuliza tena.

Wanafunzi nao wana wajibu. Kuandika kwamba mwalimu ni mbaya hakumsaidii yeyote. Kuandika kwamba katika zoezi la pili hawakuona namba ile ilitoka wapi kunampa mwalimu kazi ya kufanya kesho yake asubuhi.

Na mwalimu ajibu. Hii ndiyo sehemu inayosahaulika. Akusanye maoni, kisha arudi na kusema wazi: hili nitalibadilisha, lile siwezi, na sababu ni hii. Hawezi kurudisha umeme uliokatika wala kujaza vitabu katika maktaba tupu. Lakini anaweza kuandika mpango wa somo ubaoni, kupunguza mwendo, au kurudia sura moja. Kuuliza bila kujibu ni kuwafundisha wanafunzi kwamba kusema ni kupoteza wino.

Nchi hii inajua gharama ya kutowasikiliza vijana wa vyuo. Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium waliingia barabarani Kinshasa wakidai posho zaidi, na wanajeshi wakawafyatulia risasi. Karatasi ya maswali matatu haitatatua madai makubwa kama hayo, lakini inazoeza pande mbili kusemezana kabla mambo hayajaharibika.

Mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unadai krediti 180 kwa licence ya miaka mitatu. Krediti hupima kazi ya mwanafunzi, si saa tu ambazo mwalimu amesimama mbele ya ubao. Kama kazi ya mwanafunzi ndiyo kipimo, basi mwanafunzi aulizwe inaendaje, tena mapema. Wakuu wa vitivo hawana haja ya kungoja agizo kutoka Kinshasa. Muhula ujao, kila mmoja wao anaweza kuanza na somo moja, lile ambalo wanafunzi wengi zaidi huanguka kila mwaka.