Daftari la mizani nalo lihifadhiwe kama mbegu

Mkulima wa Mpitimbi akishapeleka ufuta wake kwenye chama cha msingi, anarudi nyumbani na vitu viwili tu mkononi: magunia matupu na kipande cha karatasi. Mzigo umepimwa, jina limeandikwa, kilo zimeingizwa. Baada ya hapo mazao yanasombwa kwenda ghala kuu, yanachanganywa na ya wakulima wengine, yanauzwa mnadani, mnunuzi analipa, na fedha zinaanza safari ya kurudi kupitia chama hadi kwenye akaunti ya mkulima. Katika siku zote hizo, ambazo wakati mwingine huwa nyingi kuliko alivyoahidiwa, hakuna anayeweza kunyoosha kidole ndani ya ghala na kusema kuwa lile pale ni gunia la fulani. Kinachomtambulisha mwenye mali ni orodha.

Orodha hiyo, katika vyama vingi vya vijijini, siku hizi imo ndani ya kompyuta moja. Mara nyingi ni kompyuta ya mapajani iliyowekwa juu ya meza ya karani, chini ya bati, karibu na mlango unaoingiza vumbi la magunia. Ghala lina kufuli, lina mlinzi, lina leseni, na utaratibu wa stakabadhi ghalani una sheria yake tangu mwaka 2005. Kompyuta yenye majina ya wenye mazao haina hata kifuniko cha kuikinga na vumbi.

Hapa ndipo penye hatari ambayo haizungumzwi kwenye mikutano mikuu. Wanachama huuliza bei, huuliza makato, huuliza kwa nini malipo yamechelewa. Ni nadra kumsikia mwanachama akisimama na kuuliza: mashine hii ikiharibika leo jioni, kilo zangu zimeandikwa wapi pengine?

Swali hilo lina uzito zaidi Ruvuma kuliko mtu anavyoweza kudhani. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, baada ya kukamilika njia ya umeme ya kilovoti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji ulikuwa ukitegemea majenereta ya dizeli. Kuenea kwa umeme ndiko kulikozileta kompyuta, printa na mashine za risiti kwenye ofisi na maduka ya vijijini. Lakini umeme huo huo ukikatika ghafla wakati karani anaandika, faili laweza kuharibika, na ukirudi kwa nguvu waweza kuunguza mashine. Mvua za huku, zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, huja na radi. Ongeza wizi, ongeza panya wanaotafuna waya, ongeza chai iliyomwagika. Na kompyuta ikishakufa, fundi mwenye vifaa vya kuokoa kumbukumbu kutoka kwenye diski iliyovunjika hapatikani kando ya barabara ya Muhukuru. Mashine itapelekwa Songea mjini, pengine Dar es Salaam, kwa gharama inayoweza kuzidi bei ya mashine yenyewe, na bila uhakika wowote.

Wakulima hawahitaji kufundishwa kanuni ya jambo hili kwa sababu wanaiishi. Mahindi ya mbegu hayachanganywi na ya chakula. Huchaguliwa magunzi mazuri, yakaning'inizwa juu ya moshi jikoni, na mwenye busara humpa ndugu au jirani sehemu ya mbegu yake, ili nyumba ikiungua pawepo pa kukimbilia. Dunia nzima hufanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2008 Norway ilifungua ghala la mbegu lililochimbwa ndani ya mlima huko Svalbard, ambako mataifa na vituo vya utafiti hupeleka nakala ya mbegu zao. Kituo cha ICARDA kilichokuwa na hazina yake karibu na mji wa Aleppo, Syria, kilikuwa kimepeleka nakala huko. Vita vilipokifanya kishindwe kuendelea na kazi pale, mwaka 2015 kilikwenda Svalbard kuchukua mbegu zake na kuanza upya kuzizalisha Lebanon na Morocco. Ghala la kwanza lilikuwa zuri na lina wataalamu. Kilichowaokoa ni kwamba nakala ya pili ilikuwa mbali.

Wataalamu wa kompyuta wana hesabu fupi kwa ajili hiyo, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Kwa chama cha kijijini maana yake ni nyepesi. Nakala ya kwanza ni ile iliyomo kwenye kompyuta. Ya pili iwe kwenye chombo kinachotolewa na kufungiwa. Ya tatu ilale nyumba nyingine, au iwe kwenye intaneti.

Sasa ni chombo gani? Hapa wafanyabiashara wengi hudanganywa na ukubwa. Orodha ya wanachama mia tano pamoja na mizani yao ya msimu mzima, ikiwa imeandikwa kwenye majedwali ya kawaida, haifiki MB 10. Diskette za zamani, zile za MB 1.44, zingetosha kwa mkupuo wa chache. Kwa hiyo hakuna sababu ya chama kidogo, duka la pembejeo au mnunuzi wa mahindi kushawishika kununua diski kubwa kana kwamba anahifadhi filamu. Flash moja halisi ya GB 16 au 32 inatosha, na bei yake ni ndogo kuliko ya mfuko mmoja wa mbolea.

Neno la kushika hapo ni halisi. Masoko yetu yamejaa flash zilizoandikwa GB 512, hata TB 1, zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Ndani yake kuna kijisehemu kidogo tu cha kumbukumbu, na kifaa kimechezewa ili kiidanganye kompyuta. Faili za kwanza zitaingia vizuri. Nafasi ya kweli ikijaa, flash inaendelea kupokea bila kulalamika, huku ikifuta zilizotangulia au kuandika takataka. Majina ya faili yataonekana yote, na mwenye mali ataamini amehifadhi, mpaka siku atakayotaka kufungua. Ni lumbesa iliyogeuzwa: gunia linaonekana limejaa, kumbe katikati ni pumba.

Flash hata ikiwa halisi ina tabia zake. Kumbukumbu ndani yake inashikiliwa na chaji ndogo ya umeme, na ikiachwa droo la joto kwa miaka bila kuchomekwa, chaji hupungua na faili huanza kuharibika. Diski ya nje ya kuzunguka hudumu vizuri ikiwa imetulia, lakini ikianguka mezani au kubebwa kwenye bodaboda katika barabara ya makorongo inaweza kufa mara moja. Zile mpya zisizo na sehemu inayozunguka zinastahimili mtikisiko, ila nazo hazipendi kusahauliwa kwa miaka. CD, ambazo zamani ndizo zilizosifiwa kuliko vyote, sasa ni kazi kupata kompyuta mpya yenye mahali pa kuziweka, na zile za kuchomwa huharibiwa na jua na joto. Mwenye hesabu zake za zamani kwenye CD azihamishe msimu huu, kabla mashine ya mwisho yenye kusoma CD haijauzwa vyuma chakavu.

Hakuna chombo cha milele. Flash ya nakala inunuliwe kila baada ya misimu michache, na ile kuukuu iendelee kukaa kama ziada.

Kuna kosa jingine ambalo limeshawaliza wengi. Flash inayotumika kuhifadhi ndiyo hiyo hiyo inayopelekwa steshenari kuchapisha barua ya mwaliko wa mkutano. Kompyuta za steshenari hupokea flash za watu wote, na virusi vyao wote. Ikirudi, mafaili yamefichwa na mahali pake pana vialama tu, na ikichomekwa kwenye kompyuta ya chama ugonjwa unaingia na huko. Flash ya kuchapishia iwe ya kuchapishia. Ya nakala isitoke nje ya mzunguko wake, na ikishamaliza kunakili ichomolewe. Ikiachwa imechomekwa, radi itaunguza vyote viwili kwa pamoja, na virusi vya kudai fidia, vya aina ya WannaCry iliyoitikisa dunia Mei 2017, vitavifunga vyote viwili kwa kufuli moja.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya zamani, kila kitu siku hizi kiko kwenye intaneti. Ni kweli kwamba Google hutoa GB 15 bure, na mahitaji ya chama kidogo hayafiki hata sehemu ndogo ya hizo. Kwa nakala ya nje ya jengo ni njia nzuri na bando lake ni dogo. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana, na mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na nakala huko tu alisubiri. Tena hifadhi hizo zinazojiandika zenyewe huiga kila kitu, likiwemo kosa: karani akifuta faili kwenye kompyuta, na huko linafutika.

Lililo baya zaidi ni kwamba akaunti yenyewe mara nyingi imefunguliwa kwa barua pepe binafsi ya karani na namba yake ya simu. Akihama, akigombana na bodi au akifariki, neno la siri linaondoka naye. Akaunti ifunguliwe kwa jina la chama na laini ya simu ya chama, na neno la siri liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri, ikae kwa mweka hazina.

Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha mfumo wa usimamizi wa vyama, MUVU, na ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo bodi isijifariji nao kupita kiasi. Kilichoko kwenye mfumo ni kile kilichoingizwa, na mizani ya leo asubuhi ambayo bado imo kwenye kompyuta ya ofisi haiko kwingine kokote.

Kwa muuza duka sababu ni nyingine lakini uzito ni ule ule. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Ofisa wa kodi haandiki kwenye makadirio yake kwamba kompyuta iliungua. Na madeni ya wateja waliokopa mbolea mwezi wa Desemba hayawezi kudaiwa Julai kwa kukisia.

Ulinzi nao usisahauliwe. Orodha yenye majina, namba za simu na akaunti za benki ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayezitunza azilinde. Kuirusha orodha nzima kwenye kundi la WhatsApp la wanachama ili isipotee ni kuwaanika watu wote. Faili liwekewe neno la siri kabla halijatoka ofisini.

Karatasi pia haijapitwa na wakati. Kila Ijumaa ya msimu wa mizani orodha ichapishwe, isainiwe na karani na mjumbe mmoja wa bodi, ihifadhiwe kwenye faili mbali na mchwa. Umeme ukikatika wiki nzima, karatasi inasomeka.

Yote haya hayatafanyika yakiachwa kwa hiari ya karani, ambaye jioni ya mizani amechoka na ana vumbi mpaka kwenye kope. Bodi iandike kwenye muhtasari ni nani ananakili, siku gani, na nani anaondoka na flash kwenda kulala nayo nyumbani kwake. Mara moja kwa mwezi flash hiyo ichomekwe kwenye kompyuta nyingine iliyo salama, au kwenye simu kwa waya wa OTG, lifunguliwe faili, litafutwe jina la mwanachama yeyote na kilo zake zilinganishwe na karatasi aliyonayo nyumbani. Visipolingana, ukweli utafutwe siku hiyo hiyo, wakati karani bado anakumbuka na magunia hayajaondoka ghalani.