MGAMBO AKIHAMA, DAFTARI LIMFUATE

Kila mwaka katika wilaya zetu za Mkoa wa Mara, kama ilivyo katika mikoa mingine, vijana wa kiume na wa kike huhitimu mafunzo ya Jeshi la Akiba, ambalo wananchi wengi hulijua kwa jina la Mgambo. Hupiga gwaride mbele ya Mkuu wa Wilaya, risala husomwa, wazazi hushangilia, na kila mmoja hurudi kwao. Siku hiyo ni njema, wala hatuna neno juu yake. Neno letu la leo lahusu siku nyingine, miaka miwili au mitatu baadaye, wakati kijana aliyehitimu mjini Musoma amekwisha kuhamia mahali ambapo gari hufika mara moja kwa siku, au halifiki kabisa. Je, huyo bado ni askari wa akiba, au amekuwa mtu aliyewahi kuwa askari wa akiba?

Watu huhama kwa sababu nyingi. Kijana alikuwa akilinda ghala mjini. Baba yake akafariki, naye akarudi Majita kushika shamba la mihogo. Mwalimu alipata mafunzo ya Mgambo pwani, akahamishiwa Kisorya, kule ambako watu husubiri kivuko cha kwenda Ukerewe. Mwingine amefuata dagaa katika Kisiwa cha Rukuba, mwingine dhahabu ya Buhemba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetoroka wajibu wake. Lakini tazama linalotokea: wilaya aliyotoka ina jina lake na haina mtu, wilaya aliyohamia ina mtu na haina jina lake. Kati ya wilaya hizo mbili Taifa limempoteza askari aliye hai, mwenye nguvu na mwenye nia njema.

Sisi twasema kwamba kuhama si kustaafu. Na kwa kuwa jambo hili lina pande mbili, hatutamwelekezea kidole mtu mmoja.

Yafaa kwanza wakumbukwe wale walioanzisha jambo hili, na kwa nini walilianzisha. Tarehe 20 Januari, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na Serikali ya nchi iliyokuwa huru kwa miaka miwili tu ikalazimika kuomba askari wa Uingereza waje kurudisha amani. Ilikuwa aibu kubwa. Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo likazaliwa Jeshi la Wananchi, na jina hilo halikuchaguliwa kwa kupendeza masikio. Kisha mnamo Novemba, 1970 Guinea ikavamiwa, Januari, 1971 Idi Amin akainyakua Serikali ya Uganda, na mwezi uliofuata TANU ikatoa Mwongozo wake, ambao ulitaka wananchi wenyewe wafunzwe kuilinda nchi yao mahali walipo. Maneno hayo, mahali walipo, ndiyo shina la hoja yetu. Mgambo hakukusudiwa kuwa askari wa makao makuu ya wilaya. Alikusudiwa kuwa askari wa kijiji.

Wazo hilo halikungoja muda mrefu kupimwa. Majeshi ya Amin yalipovuka mpaka wa Kagera mwishoni mwa Oktoba, 1978, wakuu wa mikoa walitakiwa kukusanya watu na vyombo, na Mgambo kwa maelfu wakaingia jeshini pamoja na polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Wengi wao hawakutoka katika nyumba za jirani na kambi. Walitoka mashambani na machungani, na wakapatikana upesi kwa kuwa palikuwa na mtu aliyewajua kwa majina: balozi wa nyumba kumi. Tarehe 11 Aprili, 1979 Kampala ilikuwa imekwisha kuanguka. Divisheni ya 20 iliongozwa na mwana wa Butiama, marehemu Jenerali David Musuguri, ambaye alipostaafu utumishi alirudi kwao Butiama na kuishi huko hata alipofariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Jenerali akirudi kijijini hakuna asiyejua alipo. Mgambo hana nyota begani, asipoandikwa, hapatikani.

Hebu sasa tuje kwenye kiini chenyewe, nacho ni nauli. Wako wasemao kwamba kijana mwenye uzalendo atajifikisha mwenyewe kila anapoitwa. Maneno haya husemwa na watu wenye gari. Mwalimu Nyerere alipopelekwa shule ya Mwisenge mwaka 1934, kutoka Butiama hadi Musoma palihesabiwa maili 26, na mtoto alikwenda kwa miguu. Leo lami ipo na mabasi yapo, lakini kwa mtu asiye na shilingi mfukoni zile maili 26 hazijapungua hata moja. Mtu wa Rukuba sharti apande boti kwanza, alipe. Akifika nchi kavu apande pikipiki, alipe. Na siku aliyoondoka hakuvua wala hakulima. Mgambo halipwi mshahara wa askari. Kumwita bila kumpa nauli ni kumtoza kodi kwa kosa la kuipenda nchi yake, tena kodi ambayo huwa kubwa zaidi kadiri anavyokuwa mbali na maskini. Asipofika mara mbili husemwa kuwa ni mtoro.

Nchi ya Uswisi, ambayo ulinzi wake kwa sehemu kubwa wategemea raia walioitwa, humtaka askari wake atoe taarifa anapohama. Naye anapoitwa husafiri kwa treni bila kulipa nauli. Hatusemi kwamba Bunda ni Zurich. Twasema kwamba wenzetu walikwisha tambua kuwa wajibu wa kuja na wajibu wa kuleta huenda pamoja.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta hekima. Wazee wa Ikizu, Nata na Ikoma walikuwa na marika, na rika lilivuka mipaka ya ukoo na ya kijiji. Kijana aliyehamia kwa watu wengine hakuliacha rika lake nyuma kama mtu aachavyo nyumba. Alifika nalo, na mahali alipofika walijua amsimamie nani na nani amsimamie yeye. Hawakuwa na karatasi hata moja. Sisi tuna karatasi, tuna simu mifukoni, na bado mtu anatupotea kati ya Bunda na Butiama!

Basi utaratibu uwe hivi. Mgambo anayehama aripoti kwa Mtendaji wa Kijiji mara afikapo, akiwa na cheti chake. Hilo ni deni lake, na asiyelilipa asilalamike. Mtendaji ampelekee taarifa Mshauri wa Mgambo wa wilaya, naye aiombe wilaya ya zamani imkabidhi jina hilo. Mazoezi ya kukumbushana yafanyike tarafani au katani, Mshauri ndiye asafiri na vitabu vyake, kwa maana ni nafuu zaidi kumsafirisha mtu mmoja kuliko kuwasafirisha arobaini. Butiama wana bahati ya kuwa na kambi ya JKT pale Rwamkoma. Haielekei kwamba mtu wa jirani na kambi hiyo avuke na kwenda mjini kufundishwa kusimama wima. Na mwalimu, mganga au karani anayekwenda kwenye zoezi asikatwe mshahara wala kunyimwa likizo yake.

Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kazi hii si ya balozi wa shina tena, wala haifai kurudishwa kwake. Ulinzi hauna kadi ya chama. Lakini mwanachama mwema hazuiwi kumwambia mwenyekiti wa kitongoji kwamba katika nyumba ile pana mgeni aliyefunzwa.

Yupo atakayeuliza: nchi ina amani, huyo Mgambo wa kijijini atafanya nini? Aulize watu wa Mchigondo katika Wilaya ya Bunda, ambako mitumbwi ilizama Julai, 2023 na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Saa ya kwanza ya msiba kama huo ni ya watu walio karibu. Palipo na watu watano waliozoea kutii amri moja, kugawana kazi na kuhesabu waliopatikana na waliokosekana, saa hiyo haipotei bure. Vivyo hivyo moto ukishika, tembo wakitoka hifadhini na kuingia mashamba ya Hunyari, au ng'ombe wakiibwa usiku. Mjini kuna polisi na zimamoto. Kule mbali kuna yule mtu mmoja na filimbi yake.

Lipo jambo lingine ambalo halipendezi kusemwa, lakini tutalisema. Katika miji mingi mwananchi amelijua jina la Mgambo kwa kumwona akimwaga nyanya za mama aliyepanga biashara yake chini. Pia vijana wengi siku hizi huingia mafunzoni wakitafuta cheti cha kuombea kazi ya ulinzi katika makampuni. Hatuwalaumu, kazi ni haki ya mtu, na mlinzi aliyefunzwa ni bora kuliko asiyefunzwa. Lakini Jeshi la Akiba likiwa mlango wa ajira ya mjini tu, basi anayerudi kijijini ataonekana ameshindwa maisha, na mafunzo yake yatafukiwa kama ile talanta ya yule mtumwa mwoga. Anayerudi kijijini ndiye hasa aliyekwenda mahali alipohitajiwa. Daftari lianze kwake.

Twatia neno moja kwa Washauri wa Mgambo watakaopanga siku za mazoezi. Bunda pasipangwe wakati wa kupanda pamba. Na kwa wavuvi wa Rukuba na Majita, zoezi liwekwe siku za mbalamwezi, maana usiku wa giza ndio usiku wa dagaa, na hakuna taa ya karabai itakayozimwa ziwani kwa ajili ya gwaride.