Asilimia Ngapi, na ya Kitu Gani?

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Siku hizi daftari peke yake halitoshi, kwa maana mengi yaandikwayo humo huandikwa kwa asilimia: makato ya mshahara, kodi, riba ya mkopo, mgawo wa ubia. Ndugu msomaji, mtoto wako aliye shule ya msingi leo atakutana na neno hilo maisha yake yote. Je, atalielewa, au ataitikia tu?

Tuchukue mfano wa Ngaka, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, penye machimbo ya makaa ya mawe. Uchimbaji ulianza hapo mwaka 2011 chini ya kampuni ya ubia iitwayo Tancoal. Katika kuunda ubia huo, Shirika la Maendeleo ya Taifa, NDC, lilishika asilimia 30 ya hisa kwa niaba ya umma, na mwekezaji kutoka Australia akashika asilimia 70. Muulize mtoto: hiyo 30 maana yake nini? Wengi watakujibu kanuni waliyokariri, "zidisha kisha gawanya kwa mia." Kanuni hiyo ni sahihi, lakini haijajibu swali.

Somo lianze na vitu vya kushika. Mpe mtoto punje 100 za maharage, azipange safu kumi, kila safu punje kumi. Mwambie atenge safu tatu. Hizo ni punje 30 katika 100, yaani asilimia 30. Sasa ongeza punje nyingine 100. Kila mia inatoa 30. Kwa hiyo mia mbili zinatoa 60. Kisha mbakishie punje 50 tu. Hamsini ni nusu ya mia, basi jibu ni nusu ya 30, yaani 15. Hapo mtoto ameona kwa macho yake kwamba asilimia ni hesabu ya ngapi katika kila mia, na kwamba asilimia ile ile hutoa majibu tofauti kwa idadi tofauti.

Hatua ya pili ni njia za mkato. Asilimia 50 ni nusu, na 25 ni robo. Asilimia 10 hupatikana kwa kugawanya kwa kumi, na asilimia 1 kwa kugawanya kwa mia. Kwa hizo chache atajenga nyingine zote. Asilimia 30 ya 4,000? Asilimia 10 ni 400. Mara tatu ni 1,200. Asilimia 15? Ni 400 na nusu yake 200, jumla 600. Baada ya hapo ndipo apewe kanuni: idadi, mara asilimia, gawanya kwa 100. Ataipokea kama rafiki anayemfahamu.

Mazoezi yamejaa nyumbani. Mfanyakazi anayechangia asilimia 10 ya mshahara wake NSSF amwoneshe mwanawe hati ya malipo: katika shilingi 450,000, mchango ni 45,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya bidhaa ya shilingi 5,000 ni 500 kwa zile kumi, na 400 kwa zile nane, jumla 900.

Mtego wa kawaida pia ufundishwe mapema. Bei ya shilingi 10,000 ikipanda kwa asilimia 20 inakuwa 12,000. Ikishuka tena kwa asilimia 20, je, inarudi 10,000? La, inakuwa 9,600, kwa sababu safari hii asilimia imechukuliwa katika 12,000. Ndiyo maana kila inapotajwa asilimia, swali la kwanza liwe: ya kitu gani?

Swali hilo ndilo linaloturudisha Ngaka. Asilimia 30 ya hisa si malori 30 katika kila malori 100 ya makaa yanayoteremka barabarani. Mwenye hisa hupata gawio kutokana na faida, baada ya gharama kuondolewa. Faida ikiwa sifuri, asilimia 30 ya sifuri ni sifuri, hata kama malori yamepita usiku na mchana. Ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri ni jambo jingine: sheria iliuwekea kiwango kisichozidi asilimia 0.3, nao hukokotolewa katika mauzo, si katika faida. Tukichukua 0.3 hiyo, kwa kila shilingi milioni moja asilimia 1 ni 10,000; sehemu yake ya kumi ni 1,000; mara tatu ni 3,000. Kiwango kinaonekana kidogo, lakini kampuni inayouza hulipa hata mwaka usio na faida.

Mtoto wa Darasa la Sita anaweza kuzifanya hesabu hizi zote. Akizielewa, kesho atakaa katika mkutano wa kijiji, wa ushirika au wa chama cha wafanyakazi, na takwimu zikisomwa hatapiga makofi kwa kuwa wengine wanapiga. Atanyosha mkono na kuuliza: asilimia ngapi, na ya kitu gani?

Mzazi, maharage yako jikoni. Kabla hayajatiwa chunguni jioni hii, hesabuni pamoja punje mia moja.