Mkanda wa umeme usigeuzwe mwalimu wa mbwa

MBWA wa ulinzi ni mali. Mfugaji wa mbuzi mkoani Dodoma, mwenye mabanda ya kuku Kibaha na mwenye nyumba Mbezi wote humlisha mbwa kwa sababu moja: wanamtegemea aone na asikie wakati wao wamelala. Kwa hiyo chombo chochote kinachoahidi kumrekebisha mbwa huyo kinapaswa kupimwa kama pembejeo nyingine ya shambani. Kina faida gani, kinagharimu nini, na kikitumiwa vibaya hasara inamwangukia nani?

Kipimo hicho ndicho kinachokosekana katika biashara ya mikanda ya shingoni ya umeme. Siku hizi mtu mwenye simu anaweza kuuagiza kupitia intaneti bila kuulizwa kama amewahi kufundisha mbwa. Matangazo yake huahidi kuwa mbwa asiyesikia atatii baada ya siku chache. Ahadi hiyo ni tamu, lakini ina mtego.

Mkanda wenyewe ni kifaa rahisi. Una kisanduku chenye betri na ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi ya shingo. Mwenye mbwa hushika rimoti, na akibonyeza, mbwa hupata mlio, mtetemo au shoti kulingana na alichochagua. Umeme wake ni mdogo na haukukusudiwa kuua. Hata hivyo, unauma, na kuuma huko ndiko kunakoufanya ufanye kazi. Ipo pia aina isiyo na rimoti, ambayo hupiga shoti yenyewe kila mbwa anapobweka.

Aina hii ya pili ndiyo yenye hasara iliyo wazi zaidi kwa mfugaji. Mbwa wa ulinzi analipwa chakula ili abweke. Mkanda hauwezi kujua kama anambwekea jirani anayepita au mwizi anayekata wavu wa banda. Vyote kwake ni sauti, na vyote huadhibiwa. Mwenye mbwa atapata usingizi mzuri kwa wiki kadhaa, kisha siku moja ataamka akute banda tupu na mbwa amejikunyata pembeni. Atakuwa amenunua kwa fedha zake kifaa cha kumwondolea huduma aliyokuwa akiilipia.

Mkanda wa rimoti nao una tatizo lake, nalo ni muda. Mnyama huunganisha maumivu na kile anachokiona au kukifanya wakati huo huo. Shoti ikichelewa hata kwa sekunde chache, mbwa aliyemfukuza mbuzi hajui tena kwamba kosa lilikuwa kufukuza. Huenda wakati huo anamtazama mtoto wa nyumbani aliyekuja kumshika. Kuanzia hapo mtoto ndiye atakayehusishwa na maumivu. Ndiyo maana wataalamu wa tabia za wanyama wanaonya kuwa chombo hiki kikiwa mikononi mwa asiyejua kinaweza kuzaa mbwa mwoga au mbwa anayeng'ata. Mbwa anayeng'ata huleta gharama za hospitali, chanjo ya kichaa cha mbwa kwa aliyeng'atwa, na ugomvi na majirani.

Wapo watakaosema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba adhabu kidogo haimwui mbwa. Hoja yao haipaswi kupuuzwa, kwani hata watafiti hawajakubaliana kwa kila jambo. Chuo Kikuu cha Lincoln nchini Uingereza kilichapisha mwaka 2020 matokeo ya kuwafundisha mbwa 63 waliogawanywa katika makundi matatu. Kundi lililofundishwa kwa kutuzwa, bila mkanda wa umeme, lilijifunza kuitika vizuri kama lile la mkanda, na katika baadhi ya vipimo liliitika upesi zaidi. Kwa upande mwingine, utafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State cha Marekani uliochapishwa mwaka 2024 ulihusisha mbwa 19 wenye tabia ya kukimbiza vitu. Humo mkanda ulifanikiwa kuwazuia haraka, wakati tuzo za chakula peke yake hazikufua dafu.

Tafiti hizo ni ndogo, lakini zikisomwa pamoja zinatoa picha yenye mantiki. Kwa utii wa kila siku, kama kuja ukiitwa, kukaa na kutoruka wageni, mkanda hauongezi kitu ambacho kipande cha nyama na uvumilivu haviwezi kukileta. Pale mbwa anaposhikwa na ari ya kukimbiza, chakula hupoteza nguvu na mkanda unaweza kuwa na kazi.

Nchi ya Norway imejenga sheria yake juu ya tofauti hiyo. Huko kondoo huachwa malishoni milimani wakati wa kiangazi, na mbwa mmoja anayefukuza anaweza kumtia mfugaji hasara kubwa. Matumizi ya mikanda ya shoti kwa mbwa kwa ujumla yamepigwa marufuku, ila inaruhusiwa katika kumfundisha mbwa asifukuze mifugo na wanyamapori, tena chini ya mtu aliyepata mafunzo na kuidhinishwa. Wales ilichagua njia kali zaidi na kuipiga marufuku mwaka 2010. Uingereza yenyewe iliandaa katazo lililotarajiwa kuanza Februari 2024, lakini halikupitishwa.

Kwa Tanzania, njia ya Norway ndiyo inayofaa. Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama. Kinachohitajika ni kanuni fupi chini yake: mkanda wa shoti usiwe bidhaa ya kila mnunuzi, bali chombo cha mkufunzi aliyesajiliwa, kwa kazi moja tu ya kulinda mifugo. Ule wa kuzuia kubweka usiruhusiwe kuingizwa kabisa. Mfugaji asingepoteza kitu, kwani angemlipa mkufunzi kwa siku chache badala ya kununua kifaa asichokijua.

Kanuni hiyo haijawepo, na mikanda ipo tayari. Kwa hiyo aliyenayo azingatie mambo machache yasiyo na mjadala. Mbwa aliye chini ya miezi sita asivishwe, wala mgonjwa au jike mwenye mimba. Mkanda ukae katikati ya kubana na kulegea: ncha ziguse ngozi, lakini vidole viwili vipite chini ya ukanda. Usivaliwe zaidi ya saa nane kwa siku, na kamwe usiku kucha, kwa sababu ncha zikikandamiza sehemu moja muda mrefu ngozi hufa na kutoa kidonda. Katika maeneo ya joto na kupe hatari hiyo ni kubwa zaidi. Shingo ikaguliwe kila siku, na ncha zifutwe kwa kitambaa safi chenye maji. Ikionekana ngozi imekuwa nyekundu, mkanda uvuliwe hadi ipone, na kidonda apelekewe daktari wa mifugo. Aidha, mnyororo usifungwe kwenye mkanda huo, kwani unapovutwa huzisukuma ncha ndani ya shingo.

Katika kufundisha kwenyewe, mbwa awe ameshajua amri kabla ya kuvishwa. Mlio au mtetemo utangulie. Shoti ikilazimu, ianzie namba ya chini kabisa, ambapo mbwa hugeuza sikio au kichwa tu. Akipiga kelele, namba imezidi. Mtu mwenye hasira asishike rimoti, na watoto wasiiguse. Mbwa anayeng'ata kwa woga asipigwe shoti hata kidogo, maana woga hautibiwi kwa maumivu.

Zaidi ya yote, mfugaji aulize kwanza fedha ya mkanda ingefanya nini kwingine. Kama mbwa bado hajapata chanjo ya kichaa cha mbwa, hiyo ndiyo iliyo mbele. Kama mbuzi hulala nje, zizi imara litawalinda dhidi ya mbwa wake na wa jirani pia. Na kama mbwa bado mdogo, samaki hukunjwa angali mbichi: dakika kumi kila asubuhi, amri moja, na kipande cha chakula akitii, vitaleta mbwa ambaye hatahitaji umeme shingoni.