Karafuu Hupimwa, Kuni Je?

Kisiwani Pemba hakuna mkulima apelekaye karafuu zake kituoni bila ya kuikodolea macho mizani. Mchumaji naye hulipwa kwa pishi, na pishi ikipungua kidogo maneno huwa mengi. Kwa watu waliozoea kupima kwa uangalifu wa namna hiyo, ni ajabu kwamba nishati, ambayo viwanda na hoteli huila kila siku, aghalabu hukumbukwa mara moja tu kwa mwezi, ankara inapowasili.

Huenda urahisi umechangia. Kabla ya mwaka 2010 umeme wa Pemba ulizalishwa kisiwani humo humo, kwa majenereta ya dizeli huko Wesha, na kila mtu alijua kwamba dizeli ikikosekana taa huzimika. Mwaka huo ulianza kazi waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, wenye uwezo wa kupitisha megawati 25. Neema hiyo haina shaka. Lakini umeme utokao ukutani hausemi umetoka wapi, wala haumkumbushi mtumiaji kwamba kisiwa kizima kimening'inia kwenye uzi mmoja. Wenzao wa Unguja walilitambua jambo hilo kwa uchungu walipokaa gizani takriban miezi 3, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia yao ya umeme kutoka bara ilipoharibika.

Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lilitoa mwaka 2011, na kurekebisha mwaka 2018, kiwango namba 50001 kihusucho mfumo wa usimamizi wa nishati. Jina ni refu, bali maana yake si ngumu. Kampuni hupima inatumia nishati kiasi gani na wapi, huchagua mahali panapokula zaidi, hujiwekea lengo, hutenda, kisha hupima tena ili ijulikane kama kilichotendwa kimefaa. Watu wengi hudhani kuwa mfumo huo ni mtambo unaonunuliwa. Sivyo. Ni daftari, mizani, mita, na mkubwa wa kazi mwenye kulisoma daftari lenyewe.

Mfano ulio karibu ni ule wa ukenekaji wa mafuta ya karafuu, kazi ifanywayo katika kiwanda cha makonyo kilichopo Wawi, karibu na Chake Chake. Mvuke hupitishwa katika makonyo au majani ya mkarafuu. Yujeno, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, huchemka kwenye nyuzi 254 hivi za sentigredi, lakini ikichanganyika na mvuke hupanda nao chini kidogo ya nyuzi 100. Mvuke ukipozwa hurudi kuwa maji, na mafuta, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, huzama chini.

Sasa na zifanywe hesabu za kiwanda chochote cha aina hiyo kinachochoma kuni. Kilo 1 ya maji yenye nyuzi 30 huhitaji kilojuli 293 hivi ili ifike nyuzi 100, na 2,257 nyingine ili igeuke mvuke, jumla 2,550. Kilo 1 ya kuni zilizokauka kwa hewa hutoa kilojuli 15,000 hivi. Kuni mbichi, ambazo nusu ya uzito wake ni maji, hutoa 8,000 hivi. Ikiwa nusu ya joto hupotelea katika dohani na kuta za boila, kilo ya kuni kavu itatoa karibu kilo 3 za mvuke, na ya kuni mbichi kilo 1 na nusu tu. Anunuaye kuni mbichi kwa uzito hununua maji, kisha huchoma sehemu ya moto wake kuyafukuza.

Joto la mvuke nalo halipotei; huhamia katika maji ya kupozea, ambayo mara nyingi humwagwa mtaroni yakiwa moto. Boila likilishwa maji ya nyuzi 70 badala ya 30, kilojuli 168 huokolewa kwa kila kilo, yaani kiasi cha sehemu 6 na nusu katika 100. Si nyingi, lakini bei yake ni bomba na pampu ndogo.

Hapa daftari lisilo na akili laweza kudanganya. Makonyo hutoa mafuta mara mbili hata mara tatu kuliko majani ya uzito ule ule. Mwezi wa makonyo basi utaonekana kuwa wa uangalifu, na mwezi wa majani kuwa wa israfu, ilhali wachochea moto hawakubadili lolote. Ndiyo maana kuni kwa kila kilo ya mafuta lazima ziandikwe mbali mbali: za makonyo peke yake, za majani peke yake.

Yupo atakayesema kuwa mambo haya ni ya viwanda vikubwa vya Ulaya. Kwa hakika cheti ni ghali, na kampuni ndogo isiyokiuzia cheti hicho mteja yeyote haina haja ya kukikimbilia. Kupima ni jambo jingine. Kiwanda kidogo chenye mizani hakikosi cha kupimia. Kinachokosekana ni amri ya meneja kwamba namba zilizoandikwa na mchochea moto zifike mezani kwake kila Jumamosi, na kwamba zikipanda aulizwe mtu kwa nini. Israfu isipoulizwa hulipwa kwa miti ya kisiwa chenye misitu michache, na kwa bei ambayo mwenye makonyo angeongezewa.

Mwanafunzi anaweza kuanza bila ya kiwanda. Achukue gogo bichi, alipime, alianike ubarazani pasipofika mvua, alipime tena kila Ijumaa hadi uzito utakapokoma kupungua. Tofauti kati ya namba ya kwanza na ya mwisho ndiyo maji ambayo muuza kuni angelipwa kama kuni.