MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Katika mwaka 1922 mambo mawili makubwa yalianza katika nchi zetu. Kule Tanga, Bwana Martin Kayamba na wenziwe waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Na kule Kampala, Makerere ilifunguliwa ikiwa shule ya ufundi, yenye wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umakanika. Leo vyuo vikuu ni vingi, hata Mkoa wetu wa Rukwa una kampasi ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Basi yafaa tuulize: watumishi wa vyuo wanatunzwaje?

Twajua sote desturi ya Mei Mosi. Watumishi huvaa fulana na kofia zenye jina la chuo chao, hupita mbele ya mgeni rasmi, na mfanyakazi hodari hupewa cheti na bahasha. Jambo hili ni jema, wala hatulibezi. Lakini jina la chuo halikai katika fulana. Kijana atokaye Milepa, akapanda milima kutoka bonde la Ziwa Rukwa na vyeti vyake mkononi, hamwoni kwanza profesa. Humwona bawabu, kisha karani wa dirishani. Akijibiwa kwa adabu, na jalada lake likaonekana siku ile ile, atarudi kwao akikisifu chuo. Akizungushwa siku tatu hali nauli yake yaisha, jina la chuo limekwisha haribika, hata yakibandikwa matangazo juu ya kila mti. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na karani huyo atatoa wapi moyo, ikiwa miaka yapita hajapandishwa cheo, na sifa ya uhodari yatolewa kwa zamu, au kwa ajuaye kujipendekeza? Sifa ya namna hiyo humtahayarisha hata aipataye, maana wenziwe humcheka.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, vipimo vya uhodari vitangazwe mapema, kila mtu avijue. Pili, mtunza maktaba, fundi wa maabara, mpishi na bawabu wapimwe kwa kazi zao wenyewe, wasiachwe nyuma ya waalimu. Tatu, sifa iandikwe katika jalada la mtumishi, ikumbukwe siku ya kupandisha vyeo. Kwa maana cheti cha ukutani hakilipi ada ya mtoto.

Nasi makarani tusingoje kusifiwa ndipo tutende wema. Mwenye haki ya kudai heshima ni yule ambaye dirisha lake li wazi saa ya kazi. Shime, ndugu!